Siku Niliyoifungua Kamba ya Bibi

Aibu hii sijapata kumsimulia mtu ambaye hakuwapo, na waliokuwapo nimewakwepa sokoni miaka na miaka, lakini leo nimemkumbuka bibi yangu mno, basi sikilizeni, mkitaka kucheka chekeni.

Tulikaa Kaole, zama za Mwingereza, mimi na Bi Mwanaidi, mama yake baba, aliyenilea. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na goti moja halimtii, akaniambia nimfungie kamba ya usumba wa nazi toka kitandani, ipite ukumbini, itokee uani hata mlango wa choo, akawa anaishika anazunguka nyumba nzima bila kujikwaa, huku anaimba (sauti ile, jamani, leo ningeipata wapi!).

Siku wazee wa Zuhura walipokuja kutoka Bagamoyo mjini kuleta jibu la posa yangu, nikaiona kamba inakatiza ukumbi kama ya kuanikia nguo, nikaona haya, nikaifungua. Bibi sikumwambia, maana alikuwa amelala (na mimi nikajiona mwerevu).

Wageni wameketi mkekani, kahawa imemiminwa, mjomba wa Zuhura anasafisha koo ili aseme, mara bibi akatokea mlangoni, mkono mbele, anaitafuta kamba, hola! Akapepesuka, akamdaka mjomba kilemba, nami kuruka nimshike nikakanyaga sinia la halua, tukaanguka wote watatu, kahawa yote kwenye kanzu ya mjomba.

"Mume wangu," bibi akaniita (ndivyo alivyonizoea), ameshika kiuno, "kamba yangu i wapi?"

Nikaanza kuokota vikombe.

"Unaulizwa, kijana," akasema mjomba, kichwa wazi.

"Nimeifungua. Niliona haya, wageni mnakuja."

"Ukamwonea haya aliyekulea? Na mtoto wetu naye akizeeka humu ndani?"

Wakaondoka na jibu lao. Zuhura akaolewa Saadani, na mpaka leo nikisikia jina lake moyo hunishtuka.

Kamba niliirudisha jioni ileile, na kizingiti nikakichonga mpaka kikawa sawa na sakafu, lakini bibi hakuigusa tena. Kiuno kilipoa, hofu haikupoa. Nikawa nambeba mgongoni kwenda uani, mwepesi kama kapu la makuti, na wala haimbi.

Sasa ameshatangulia mbele ya haki. Nimeapa, nyumba yoyote yenye mzee siondoi hata kigoda mpaka nimuulize mwenyewe. Huwauliza wazee wa watu. Wangu ndiye sikumuuliza.