Kasiksi Hunywewa Mwisho

Mwanangu Heri, siku ile naikumbuka kwa mguu kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Mvua ikianza kukusanyika juu ya ziwa, goti langu la kushoto huanza kunisimulia, nami sina budi kulisikiliza. Leo nakusimulia wewe, kwa sababu mama yako ameniambia kwamba kesho wenye lile gari lililokugonga watakuja hapa nyumbani, na kwamba umeshakata shauri kuwaambia, "Nimewasamehe, iishe." Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umeanza kwa kuvunjika. Basi angalau sikia sasa.

Cheka, lakini polepole, usije ukaitikisa hiyo plasta ya mguuni.

Wewe unanijua mimi, kaka mkubwa wa baba yako, kama fundi cherehani wa Majengo anayetembea akiinama upande. Hukunijua nilipokuwa kijana kama wewe, motari mbeba abiria kama wewe, mwenye moto, pikipiki iliyong'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Baba yangu, babu yako, alikuwa mchungaji wa ng'ombe kule Masisi. Aliuza ng'ombe aliokuwa amewaweka kwa ajili ya mahari yangu ili ninunue moto ile, akisema, "Hii itazaa ingine ng'ombe." Kila asubuhi nilipakia makabichi Munigi, nikayashusha sokoni, kisha nikabeba abiria mpaka jua linazama. Nilijiona mfalme.

Asubuhi hiyo nilikuwa napita Mabanga. Gari moja dogo la mizigo lilitoka kinyumenyume ndani ya uwanja wa mtu, bila honi wala kuangalia. Makabichi yakatapakaa barabarani, nami nikaanguka juu ya yale mawe yetu ya volkano, ambayo hayana huruma na mtu. Mfupa wa mguu niliuona kwa macho yangu. Nisikuongezee hapo, wewe mwenyewe unajua.

Unajua pia wamotari walivyo. Kabla vumbi halijatulia, walikuwa wamelizunguka gari, wengine mawe mkononi, mmoja anauliza nani ana kiberiti. Mwenye gari akatoka mikono juu. Alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara mdogo, mwimbaji wa kwaya. Akapiga magoti karibu na kichwa changu.

"Ndugu yangu, sikufanya kusudi," alisema. "Asiransi ilishaka kufa, sijarudilia kulipa. Polisi ikikuja, gari inaenda, na batoto yangu banalala njaa. Unisamehe, tumalize kindugu."

Asiransi ni ile bima ambayo kila mwenye gari anatakiwa kuwa nayo, ili akigonga mtu, mtu huyo alipwe. Yeye hakuwa nayo. Lakini mimi wakati ule sikufikiri asiransi. Nilifikiri moto wa kiberiti. Niliona wataunguza mtu mbele yangu kwa ajili yangu, nikapiga kelele kwa nguvu iliyobaki, "Mumuache! Nimemusamehe!"

Wakamwacha. Hilo, mwanangu, silijutii hata leo. Mungu alinipa neno la kuokoa mtu, nikalitumia.

Ila walipomwacha yeye, wenzangu waliniinua, wakainua na moto yangu, wakaokota makabichi, wakafagia vioo pembeni ili magari yapite. Polisi wa barabara walipofika hapakuwa na kitu cha kuandika. Barabara ilikuwa safi kama uso wa mtoto aliyeogeshwa. Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya. Huo ndio upendo wetu wa Goma, kumwondoa mwenzako haraka njiani.

Kesho yake yule bwana alikuja hospitali na mke wake, mchungaji wa kanisa lao, kuku wa kukaanga na kreti ya Fanta. Wakaimba. Mchungaji akasali mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Kisha akaniuliza mbele ya wote kama nimemsamehe ndugu huyu kwa moyo wangu wote. Nikasema ndiyo. Kweli nilikuwa nimemsamehe! Chupa zikafunguliwa, tukanywa wote, hata muuguzi alipewa yake. Yule bwana alilipia plasta, akanikumbatia, akaenda.

Mguu ukaunga vibaya. Daktari akasema lazima uvunjwe tena na kuwekewa chuma, la sivyo utabaki hivyo maisha yote. Nikaenda kwa yule bwana nikijikokota kwa fimbo, nikiwa na hakika atanisaidia. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilipomweleza, akashangaa kwa dhati, si kwa ujanja.

"Lakini ulinisamehe," akasema.

Heri, mwanangu, nataka ulisikie neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Katika lugha yetu, anayekukosea unamsamehe, na mwenye deni lako pia unamsamehe. Neno ni moja. Mimi nilisamehe kosa. Yeye alisikia nimesamehe deni. Na mashahidi walikuwepo, na Fanta walikunywa.

Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Nilimtumia baba salamu, akateremka kutoka Masisi juu ya lori la makaa, na koti lake lile la mvua analovaa hata jua likiwaka. Alinipeleka polisi siku hiyohiyo. Komanda akamwita yule bwana, akatusikiliza kwa subira, kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, ulimusamehe huyu ao hukumusamehe?"

Nilikuwa nahitaji kusema "hapana" tu. Mguu wangu wote ulikuwa ndani ya hapana hiyo, na kazi yangu, na binti niliyekuwa namposa. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama sakafu.

"Nilimusamehe," nikasema.

"Sasa munatafuta nini huku?"

Tukatoka. Baba akanishika mkono mpaka kwenye kivuli cha ukuta mmoja, akaniketisha juu ya jiwe. Nilidhani atanitukana. Ningependa kama angenitukana.

"Sikasiriki juu ulisema kweli," alisema. "Mutoto yangu hawezi sema bongo, hawezi danganya mbele yangu. Lakini uniambie. Kwetu, ng'ombe ya mutu ikivunja muguu ya ng'ombe ya mwenzake, batu banaikalaka kupatana. Banaanzaka na nini?"

"Na kulipa ng'ombe, baba."

"Na kasiksi, banakunywaka saa gani?"

"Mwisho."

"Juu ya nini mwisho?"

Tangu utotoni nilikuwa nimeona pombe ile ya ndizi ikizungushwa kwenye mapatano, na sikuwahi kuuliza kwa nini haiji mwanzo.

"Juu kasiksi njo inafungaka mudomo. Mukishakunywa pamoja, hakuna mwenye anaweza sema tena. Ile Fanta yenu ya kule ilikuwa kasiksi. Mulianza na kunywa, ng'ombe ikabakia kwake."

Nikajitetea kwamba mchungaji aliniuliza, na kwamba Yesu ametuagiza kusamehe. Baba akatikisa kichwa, lakini kwa upole.

"Yesu alisamehe benye kumupigilia misumari. Na vile alifufuka, alionyesha vidonda. Hakuvificha. Usamehe mutu, mutoto yangu, lakini onyesha kidonda."

Nililia pale juu ya jiwe, sikufichi. Maji yakimwagika hayazoleki. Moto ikauzwa, chuma hakikupatikana, yule binti akaolewa Sake na mtu mwenye miguu miwili mizuri. Baadaye Mungu akanipa mama yako mkubwa, ambaye ananizidi akili, na cherehani ninayoisukuma kwa mguu mmoja. Sina uchungu na yule bwana. Tulisalimiana mpaka alipokufa, na nilikwenda kumzika. Lakini goti halijui kama nilisamehe. Mvua ikija linauma tu.

Sasa tuje kwako. Wewe umenishinda mwanzoni: uliwakataza wenzako wasiinue moto mpaka polisi wafike, na yule mama uliyembeba alipiga picha namba ya gari kwa simu yake. PV ya polisi, ile ripoti yao ya ajali, ipo, karatasi ya daktari ipo. Na daktari amesema, mbele yangu, kwamba mguu huu ukiwekewa chuma utarudi kazini, na usipowekewa utakuwa ndugu wa huu wangu. Hilo ndilo litakaloamuliwa kesho.

Watakuambia gari halina asiransi, kana kwamba habari imekwisha hapo. Usitishike. Gari kukosa asiransi ni kosa la mwenye gari, si la mguu wako, na mwenye gari anabaki na wajibu wake. Tena wenye kujua sheria wananiambia kwamba sheria ya nchi imepanga mfuko wa kuwalipa waliogongwa na gari lisilo na asiransi. Siku hizi, ofisi hii ikiwa imefunga na ile imehama, siwezi kukuahidi kwamba utalipwa upesi. Lakini milango ikifunguliwa, atakayesikilizwa ni yule ambaye hakuifunga kesi yake kwa mdomo wake. Tutatafuta mwanasheria wa kutuongoza, mimi na baba yako. Na ukipona, asiransi ya moto yako wewe pia isife, maana kesho mwingine anaweza kulala hapo ulipolala kwa sababu yako.

Basi, kesho wakija, mama yako awape viti vizuri. Wakisali, sali nao. Ukiona moyo wako umewasamehe, waambie, ni jambo jema na litakupa usingizi. Kisha sema polepole, mashahidi wote wasikie: "Ninyi nimewasamehe. Mguu bado." Wakiwa wameleta Fanta, ipelekwe jikoni, ikae imefungwa. Wasikasirike, waambie ni desturi ya watu wa Masisi, na baba yako mkubwa kiwete ndiye mwenye kuilinda.

Mungu wa baba zetu akuunganishe mfupa na mfupa. Akupe ulimi wa kweli na moyo usiotunza kinyongo, na asikunyime haki yako kwa sababu ya wema wako. Watoto wako wakujue ukitembea wima. Na siku mambo haya yatakapotimia, uje kwangu Majengo kwa miguu yako miwili, tufungue kasiksi, tunywe.