Maji Yasiyotakata Sebuleni kwa Loisi

Loisi hakulia msibani, na watu waliliona hilo. Ludovick, mume wake wa miaka thelathini na mmoja, alizikwa Ijumaa mchana, jua la Msalato likiwachoma waombolezaji utosini, na yeye akasimama kando ya kaburi kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Wapo waliosema ni imani hiyo. Wapo waliosema ana moyo mgumu, na hao wala hawakushusha sauti. Ukweli ni kwamba hakuwa na imani kupita wenzake, wala moyo wake haukuwa mgumu. Alikuwa amekufa ganzi tu. Wali wa msiba aliula bila kujua kama una chumvi au hauna.

Kitu kimoja ndicho kilichomshughulisha, nacho kilikuwa sebuleni juu ya meza ya televisheni. Lilikuwa tangi la kioo la kufugia samaki, lisilo na samaki hata mmoja, na maji yake yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele.

Tangi hilo lilikuwa la marehemu. Ludovick alifundisha sayansi katika shule za msingi maisha yake yote, na alipostaafu akajikuta hana wa kumfundisha. Akawa anashinda na simu, anatazama video za watu wanaopanda bustani ndani ya maji. Mwishowe akatengenezesha tangi kwa fundi vioo, akaenda mjini kwa Hashimu, bwana mmoja mwenyeji wa Busi anayeuza samaki wa mapambo, akarudi na udongo mweusi, mchanga, na miche kumi na minne iliyofungwa kwenye gazeti lililolowana. Jumamosi nzima aliipanda mmoja mmoja kwa kibano cha nyusi cha binti yao Erica, ambaye alikitafuta nyumba nzima bila kujua kiko wapi. Samaki wangekuja baadaye, alisema, maji yakishazoea. Jumanne presha ikampanda. Jumatano hakuwepo.

Maji yalianza kuchafuka siku ile ile ya mazishi. Katika nyumba iliyojaa watu, aliyeyaona ni Loisi peke yake.

Na Loisi si mtu wa kuona maji machafu akatulia. Amezaliwa Bahi, na miaka ambayo mvua iligoma walichota kwenye lambo maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mama yake alikuwa mkali kwa habari ya maji kuliko kwa habari ya adabu. Mgeni akipewa maji ya kunywa ni lazima aone kitako cha bakuli, la sivyo binti wa nyumba hiyo atasemwa njia nzima mpaka mnadani. Loisi alikua akijua kwamba maji ya nyumba ndiyo sura ya mwanamke wa nyumba hiyo.

Basi akayamwaga yote, akajaza ya bombani. Siku mbili yakang'aa, ya tatu yakarudi kuwa meupe. Akamwaga tena. Wiki ya tano ilipokwisha alikuwa ameshamwaga mara sita, na kila alipomwaga udongo ulitibuka, na majani mawili matatu yakang'oka na kuelea.

Ndipo akafika Paulina, dada wa marehemu, kuja kuandaa arobaini. Hata kikombe cha chai hakijafika nusu, akaliona tangi.

"Wifi, hili dimbwi mnalifuga la nini?"

"Ni la kaka yako."

"Kaka yangu ameshatangulia. Jumamosi ijayo watu wanakuja, padri anakuja, na picha ya marehemu itakaa hapo mezani. Mimi siwezi kumkaribisha padri kwenye mbu. Ikifika Ijumaa maji haya hayajawa maji, tunamwaga nje, na majani yake."

Paulina si mtu mbaya. Ni mtu wa vyombo vilivyopangwa, na huzuni yake aliimalizia kwenye kupanga vyombo. Loisi alimsikiliza, akangoja hasira imjie. Haikuja. Alijua tu, kichwani, jinsi mtu anavyojua tarehe ya leo, kwamba miche ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mume wake, na kwamba akizembea itaishia kwenye tuta la mchicha.

Akakumbuka mlonge. Kwao, maji ya lambo yaliponyweshwa mbegu za mlonge zilizotwangwa, tope lote lilizama chini na asubuhi ungeweza kujitazama humo. Jumapili baada ya misa akachuma maganda makavu kwa jirani, akamenya mbegu, akatwanga, akachuja kwa kitambaa. Mama yake alikuwa akiweka kiasi kidogo sana kwa ndoo. Loisi akaongeza mara mbili kwa uhakika, na makapi nayo akayamimina, maana aliona huruma kuyatupa.

Jumatatu asubuhi maji yakawa yametulia kidogo. Jumanne yakawa uji. Utando ukatanda juu, na harufu ilikuwa ya kumfikia padri wa watu kabla hajafika. Erica akachukua simu ya baba yake, akatafuta namba ya Hashimu.

Hashimu alikuja siku hiyo hiyo mchana, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba. Mwalimu alikuwa mtu wangu."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

Akainama juu ya tangi, akanusa, akainuka haraka. "Mama, humu kuna kitu kimewekwa."

Loisi akatazama sakafu. "Mlonge."

Hashimu akauma mdomo. Kicheko kilimfika kooni, akakumbuka yuko nyumba ya msiba, akakimeza. "Hata kwetu bibi alikuwa akiutumia. Lakini yale yalikuwa maji ya kunywa, unayasafisha leo unayanywa leo. Haya ni maji ya kukaliwa. Tangi likiwa jipya, vijidudu vinazaliana humo mpaka maji yanakuwa kama maziwa, halafu vyenyewe vinatulia na maji yanatakata. Mwalimu nilimweleza. Sasa wewe kila ukimwaga na kutibua udongo, vinaanza upya. Na mlonge nao unaoza, ni chakula chao."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, mama," alisema Hashimu, kwa upole wote aliokuwa nao.

Akafyonza makapi ya chini kwa mpira, akakata majani yaliyooza kwa mkasi, akapunguza maji theluthi moja na kurudishia ya kwenye ndoo, yaliyokuwa yamekaa wazi tangu jana. Kisha akavuta mche mmoja polepole kwa vidole viwili. Haukutoka. "Umeona? Mizizi imeshika. Majani yataota mengine. Ijumaa, Mungu akipenda, utaona kitu. Ila usiliguse."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye chochote, mama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa wiki tano mikono yake ilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa imemkinga na nyumba. Jumatano alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alhamisi aliketi kwenye kochi mbele ya tangi, mikono mapajani, kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri ya msikiti wa mtaa wa pili. Hakuwaza kitu. Paulina alipita mara tatu akichungulia, na mara zote tatu akarudi kwenye vyombo vyake.

Ijumaa asubuhi Paulina alishaweka ndoo tupu barazani. Loisi alitoka chumbani kabla hajanawa uso, akafungua pazia.

Maji hayakuonekana. Yalionekana mashina yamesimama wima kana kwamba yamesimama hewani, na nyuma yake ukuta wa kijani wa sebule, hata ufa wake. Akahesabu miche kumi na mmoja. Mmoja ulikuwa umetoa jani changa, dogo kama ukucha wa mtoto. Akaliinamia mpaka pua ikagusa kioo, akajikuta anacheka.

"Baba Erica!" akaita. "Baba Erica, njoo uone, yametakata!"

Jikoni Erica akaacha vyombo. Paulina alikuwa ameingia kutoka barazani na ndoo mkononi, akaganda mlangoni. Loisi hakumwona. Alikuwa ameugeukia mlango wa chumbani, uso umemchangamka, anangoja mume wake atoke. Akangoja. Kisha ganzi ikaanza kumwachia, na moyo ukaanza kumuuma.