Chupa Niliyoisifu Sokoni Kiriaini

Siku niliyomwambia mama yangu kwamba yeye hajui fizikia naikumbuka vizuri, hata sufuria aliyokuwa akiisugua naikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa sayansi katika shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji, vidole vimejaa chaki na kichwa kimejaa hewa. Keti, Ndung'u. Weka simu chini. Mwanangu, leo nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi mwenyewe ya miaka mingi, na sijui nianze na ipi.

Nimeambiwa umenunua kile chombo cha kutoa gesi kwenye maji, ukifunge kwenye teksi yako, ati gari linywe petroli nusu. Nimeambiwa pia umewasifia madereva wenzako pale mjini Kenol, na watatu tayari wameagiza kwa sababu wewe ulisomea umeme na wao hawakusoma. Kununua ni kosa lako na mfuko wako, hilo sina haja nalo. Hilo la kuwasifia wengine ndilo limenikosesha raha, maana nililifanya mimi kabla baba yako hajanioa.

Ilikuwa katika miaka ya sabini, wakati petroli ilipoadimika na magari yakapanga foleni kwenye vituo kuanzia alfajiri. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa na pikapu, kuukuu lakini yenye moyo, na mgongo wetu wote wa vilima haukuwa na gari lingine. Ilibeba kabeji, ilibeba maharusi, ilibeba majeneza, na zaidi ya yote ilibeba wagonjwa kwenda hospitali ya Nyeri. Mtu akizidiwa, watu hawakusema watafute gari. Walisema, "Mwiteni Baba Nyambura," na Nyambura ndiye mimi.

Basi siku ya soko pale Kiriaini akaja bwana mmoja amevaa koti jeupe la daktari. Alikuwa na chupa kubwa ya kioo, ndani yake maji yaliyotiwa unga mweupe na vipande vya chuma. Nyaya mbili zilitoka kwenye betri ya gari, umeme ukapita majini, mapovu yakapanda, na gesi ile ikaongozwa kwa mpira hadi kwenye kabureta iungue pamoja na petroli. Gesi yenyewe ni haidrojeni. Alieleza vizuri sana, lakini wazee walisimama mbali, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia ng'ombe asiyetaka kumnunua. Ndipo mtu akamnong'oneza kwamba mwalimu wa sayansi yuko pale kwenye viazi.

"Mwalimu, wewe umesoma," akaniita kwa sauti ya kusikika na soko zima. "Waambie wazee. Hii maji iko na moto ama haina?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Nilipita katikati ya watu, msichana wa kwanza wa kijiji chetu kumaliza chuo, na nikaona wakinipisha. Nilikinga gesi ile kwenye kichupa kidogo, nikawasha kiberiti, nikasogeza. Paa! Akina mama wakapiga kelele, kisha wakacheka. Nikasema, "Iko na moto." Mpaka hapo sikuwa nimekosea hata neno moja.

Mzee mmoja akauliza, "Na itasaidia gari?"

Hilo sikulijua. Sikuwa nimelipima wala kulisoma popote. Ningesema tu, wazee wangu, hilo sijui, nipeni muda niulize. Kuuliza si ujinga. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na nikasema, "Itasaidia. Hii ni sayansi."

"Mwalimu amesema," wakaambiana. Wenye magari kutoka vilima vingine waliofungiwa chupa siku ile hawakununua kwa yule bwana. Walinunua kwangu. Yeye alikuwa na koti tu, na hakuna aliyemjua baba yake, ila mimi walinijua tangu ningali nafungwa mgongoni. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyoniinamia akinishukuru, natamani ningalimrushia kichupa kile usoni.

Yule bwana akajitolea kulifungia chupa gari la babu yako na kulijaribu. Wakajaza petroli hadi mdomoni, wakaenda naye Murang'a mjini pamoja na wazee wawili mashahidi, na kufika huko wakapima. Petroli ilikuwa imepungua kidogo mno, wazee hawakuamini macho yao. Yule bwana akasema ana basi la kuwahi, akaagana nao pale pale. Wakarudi nyumbani wakiimba.

Jioni hiyo mama alikuwa anasugua sufuria. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, lakini aliwajua ng'ombe wake kama alivyowajua watoto wake. Akanisikiliza nikimweleza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Mlipima kwenda. Na kurudi?"

Kurudi hatukupima. Kutoka Kiriaini mpaka Murang'a ni mteremko mtupu, mwanangu. Hata toroli ingefika bila petroli.

"Na hiyo chupa, nguvu inatoa wapi?" akauliza.

"Kwa betri."

"Na betri?"

"Kwa dainamo, mama. Injini ikizunguka, dainamo inazunguka, inajaza betri."

"Na injini inazungushwa na nini, si hiyo petroli?" Akaweka sufuria chini. "Nyambura, ushaona ng'ombe mwenye kujinyonya akinona?"

Wewe umezaliwa huku, unajua ng'ombe wa tabia hiyo yupo. Anageuza shingo, anajinyonya mwenyewe, na kila siku anakonda na ndoo haijai. Mama alikuwa amenifundisha kwa swali moja somo ambalo mimi nililipwa mshahara kulifundisha kidato cha tatu, kwamba nguvu haizaliwi kutoka hewani, na kila inapobadilika umbo kuna inayopotea njiani. Nililiandika ubaoni kila mwaka. Nami nikamjibu, "Mama, wewe hujui fizikia."

 Aliokota sufuria yake akaendelea kusugua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema, ila mimi guu langu liko salama mpaka leo. Aliyevunjika alikuwa mwingine.

Wiki tatu zikapita, jua likiwaka, safari nyingi zikiwa za kushuka sokoni. Baba akaanza kulalamika asubuhi, "Mwalimu, hii gari iko na uvivu siku hizi. Inaamka kwa kukohoa." Nikamwambia ni baridi ya mlimani. Chupa ilikuwa ikinywa umeme mwingi kuliko dainamo ilivyoweza kurudisha, kidogo kidogo kila siku, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo.

Kisha mvua ikaanza. Muthoni, jirani yetu, mke wa Kariuki, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mtoto akakaa vibaya. Mkunga akasema hili si langu, mpelekeni Nyeri. Tukamlaza nyuma ya pikapu chini ya turubai, mkunga kando yake, mimi na baba mbele. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini ukungu ulikuwa mzito, taa zikawashwa, wipa zikawashwa, na ile chupa ikaendelea kuchemka mapovu. Tukiwa tunapanda kuelekea Othaya, katikati ya mashamba ya chai, taa zikafifia zikawa za njano. Wipa ikasimama katikati ya kioo. Injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima.

Baba akafungua boneti. Aligusa nyaya, akatazama, akang'oa waya wa chupa kwa mkono mmoja akautupa matopeni. "Betri imekufa," akasema. "Hii chupa imeimaliza." Hakunitazama. Tuliligeuza gari tukalisukuma kwenye mteremko liwake, likakohoa, likanyamaza. Nilipiga magoti kwenye matope yale nikisikia Muthoni akilia chini ya turubai, na sikuweza kufanya lolote. Saa nzima na zaidi ilipita kabla lori la majani chai halijatokea na kutubeba.

Muthoni alipona. Mtoto, mvulana, alifika Nyeri akiwa tayari amekufa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hilo la sokoni lilikuwa mlango tu. Kwenye matanga watu walisema pikapu ya mzee imezeeka, na mzee naye amekuwa mzembe, angelitengeneza gari mapema. Baba aliketi pale akasikia yote, na hakufungua mdomo kusema ni chupa ya binti yake. Na mimi niliyekuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, mimi Mwalimu, mimi niliyekuwa na sauti ya kufika mwisho wa soko, nikanyamaza. Watu wakaacha kumwita. Wagonjwa wakabebwa kwa machela mpaka barabara kuu, wakipita mbele ya lango letu na pikapu imesimama uani. Baba alikuwa akiwatazama akiwa mlangoni, kofia mkononi. Miezi minne, Ndung'u! Miezi minne nilimwacha baba yangu avae aibu yangu, na kila asubuhi nilikunywa chai aliyoniwekea.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni kumwona fundi mmoja akifunga chupa nyingine kwenye lori la mtu wa Kerugoya, akimwambia, "Hata mwalimu wetu aliihakikisha." Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Muthoni. Alikuwa akipalilia maharagwe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwamba gari la baba halikuwa na kosa, kwamba chupa ilimaliza betri, na chupa niliisifu mimi bila kujua.

Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Mwalimu, mimi nilikuwa chini ya turubai," akasema. "Nilimsikia baba yako. Nimejua tangu siku ile."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

 Siku ya soko iliyofuata nilisimama pale pale penye viazi, nikaita watu, nikakana neno langu kwa sauti ile ile niliyolitolea. Wengine walinicheka. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Baba alisimama nyuma ya umati, akaweka kofia yake kichwani, akaenda nyumbani. Kesho yake mtu alikuja kumwita ampeleke mama yake hospitali.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaki unijibu. Ukiuziwa nguvu, uliza inatoka wapi, na usiache kuuliza mpaka ufike mwanzo wake. Ukijaribu kitu, kijaribu kwa kupanda na mzigo, maana kwenye mteremko kila gari ni zuri. Asiyesoma akikuuliza swali, mjibu swali lake, usimwonyeshe cheti chako. Na usilolijua, sema hulijui, hata kama macho ya soko zima yako juu yako.

Na neno ulilolitoa hadharani usilifute kwa kunong'ona. Wale madereva watatu hawakukiamini chombo, walikuamini wewe. Hawajakifunga bado. Amka uende Kenol leo, usiwapigie simu, simama pale pale ulipowasifia na useme, mimi nilikosea. Utaona haya, na uone. Mungu akuongoze barabarani, akupe mdomo mwepesi wa kukiri na mzito wa kuahidi, na kila utakayembeba afike akiwa hai. Haya, nenda. Chai utaikuta ukirudi.