Njia Iliyopita Uani kwa Mwanarehema

Asubuhi ya Jumanne tulikunywa chai ya tangawizi kama siku zote. Mke wangu, Mwanarehema, alikunywa akiwa amesimama, jembe limeegemea mlango. Nilimwambia akae. Akasema chai hushuka vyema mtu akisimama.

Tulikuwa tumekosana tangu jana yake. Alitaka watoto wa baiskeli wapitishe njia yao nyuma ya nyumba yetu, kwenye muhogo. Mimi nilikataa. Nimekaa ndani ya ua ule miaka arobaini na moja, sitaki magurudumu. Akaweka kikombe, akachukua jembe. Mlangoni aliniambia neno, nami sikumjibu. Nilikuwa natafuta miwani.

Saa sita wakaja kuniita. Alikuwa amekaa juu ya toroli apumzike, hakuinuka tena. Tukamzika alasiri.

Mwanarehema hakujua kuendesha baiskeli. Alilima, akauza mahamri hapa Junda, basi. Miaka minne nyuma kikundi kikaanza kuchimba njia ya baiskeli, kutoka timbo la zamani walikokuwa wakikata mawe ya kujengea, mpaka chini kwenye mikoko. Mkubwa wao ni Dancun, mtu wa bara, hufanya kazi kiwandani Changamwe. Walikuwa wakichimba moja kwa moja, juu kushuka chini. Mwanarehema akapita na beseni lake, akasimama.

"Mwanangu, hii ni njia ama ni mfereji?"

"Ni njia, mama."

"Haya. Mvua ikija itakwambia."

Mvua ikaja. Njia ikaenda baharini. Dancun akaja mlangoni kwetu, kofia mkononi.

Tangu siku hiyo Mwanarehema ndiye aliyepima. Mvua ikinyesha, wenzake wakikimbilia ndani, yeye hutoka na mwavuli kutazama maji yanapita wapi. Kisha huchomeka vijiti. Wakafuata vijiti, njia ikazunguka ubavuni mwa mlima pole pole. Haikubebwa tena.

Jumamosi ikawa siku ya wasichana. Mama zao walikataa kwanza, wakasema buibui litaingia kwenye mnyororo. Mwanarehema akakata tyubu kuukuu vipande vipande, akawafunga buibui miguuni. Nadhira, mjukuu wa jirani yetu, ndiye wa kwanza kushuka mpaka kwenye mikoko bila kuanguka.

"Bibi, panda na wewe," akamwambia.

"Nikivunjika nani atampikia babu yako? Hata chumvi hajui ilipo."

Kweli, sikujua.

Wiki ile ile ya mwisho wake lilitokea kosa. Jumapili vijana walitaka mawe ya kushikilia kona. Wakaona lundo la matumbawe kwenye nyasi, wakayabeba. Kumbe ni kaburi. Babu yake Bwana Anwar, mwenye duka, amelala pale tangu kabla ya barabara. Halina jina, ni mawe tu, na sisi wa zamani ndio tulijuao. Mwanarehema alipoyaona konani aliyatambua. Hakumgombeza mtu. Wakayarudisha moja moja, kisha akawakalisha wasome Fatiha.

"Mama, mimi Mkristo," Dancun akasema.

"Basi wewe beba mawe, sisi tusome."

Lakini Bwana Anwar alikuwa ameshasikia. Akaja jioni yake.

"Bi Mwanarehema, nakuheshimu. Ijumaa baada ya swala nitapita. Nikikuta njia bado iko karibu na wazee wangu, naifunga kwa seng'enge juu mpaka chini."

Upande mmoja kaburi, upande wa pili korongo. Pa kupita palibaki mahali pamoja tu, uani kwangu.

Jumatano watu walijaa matangani, kahawa ikapita. Sikuweza kukaa. Nikikaa, miguu inaniinua. Nikaenda timboni, nikarudi, nikaingia jikoni, nikafungua makopo, nikatoka tena. Ndugu yangu Mussab akanifuata.

"Watafuta nini?"

"Chumvi."

Nikashuka tena. Mara hii nilitazama vijiti vya Mwanarehema. Vilitoka njiani, vikaliacha kaburi mbali, vikaja, vikaja, mpaka kwenye makuti ya ua wangu. Cha mwisho kilikuwa kimegusa makuti. Alikichomeka Jumanne ile, kabla ya kukaa kwenye toroli.

Alhamisi baada ya alfajiri nilichukua panga nikakata ua. Dancun akaja na wenzake.

"Pole, mzee."

"Pole baadaye. Ng'oeni muhogo."

Nami nikashika jembe la Mwanarehema. Mpini umelainika pale alipokuwa akishika, mikono yangu haikutoshea. Nikachimba kwa haraka, sitaki kusimama. Nadhira akanitazama.

"Babu, huo mfereji."

Nikafukia, nikaanza tena, mshazari kama vijiti vinavyokwenda. Maghribi ilitukuta tumemaliza.

Ijumaa Bwana Anwar akaja na kanzu yake ya swala. Alisimama kaburini akaomba dua. Akapima kwa macho, kisha akaifuata njia mpya mpaka uani kwangu, katikati ya mashimo ya muhogo. Mkononi hakuwa na kitu.

"Seng'enge sikununua," akasema. "Jumatatu mkeo alikuja dukani. Aliniambia umetoa uwanja wako. Wallahi nusura nisimwamini, nakujua ulivyo."

Nadhira akapita mbele yetu, buibui limefungwa, akakata kona na kushuka. Wengine wakafuata. Bwana Anwar akasogea wapite.

Jumatatu mimi nilikuwa bado nasema hapana, na Jumanne pia. Nilikuwa nasikiliza lile neno la mlangoni, alilolisema jembe likiwa begani:

"Baba Ihsan, nishamwambia Bwana Anwar umekubali. Usiniaibishe."