Ukurasa Aliomnyima Sada

Mwaka 1947 lori lilimshusha mgeni Katesh, mji asioujua, akaulizia duka la Bashiri, mkusanyaji wa misahafu ya kale iliyoandikwa kwa mkono.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unauza."

"Marahaba. Msahafu huu siuzi, natoa. Chukua."

Ulikuwa mkongwe kuliko yote aliyokuwa nayo Bashiri. Mke wa Bashiri, Sada, alipougua, aliomba ukurasa mmoja wa msahafu huo uoshwe, anywe wino wake kama kombe, dawa ya aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji.

"Sikutaka kuuharibu, nikamwandikia kombe jipya kwenye sahani," Bashiri alisema. "Akaniambia, 'Mume wangu, kumbe karatasi ndiyo mke mkubwa!' Nikacheka, nikidhani anatania."

Sada aliikataa sahani, akafa. Tangu hapo Bashiri hakuthubutu kuufungua msahafu huo.

Aliuweka magotini mwa mgeni aliyeketi barazani, akafunga duka, akashika njia ya makaburini alikolala Sada. Mgeni akabaki pale, ameukumbatia.