Ngana Nzima Nyuma ya Ambilikile

Ngana nzima, kijiji chetu chote, imesimama nyuma ya mwanangu Ambilikile, na Mdachi ametangaza jumbe ni karani wa kodi.

Mwaghonile, ndugu zangu.

Mdachi mwenyewe ndiye aliyesema kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka.
Nyuma ya karani, askari tu.
Nyuma ya wangu, watu hadi migombani. Kijana mrefu vile, nani asimwone?

Tukaamriwa tumpigie magoti jumbe mpya.
Sisi akina mama, tunaopiga magoti hata kumpa mgeni maji, tukabaki wima.
Askari akaniuliza, "Mama, magoti yanauma?"
"Kwa huyu, yanauma."

Wakamfunga Ambilikile kamba, ati ametufundisha ukaidi.
Hakuna mtu aliyetufundisha.

Jumamosi anachapwa viboko bomani. Njooni wote.