Gauni Lisilo na Marinda

Harufu ya kitambaa kipya ambacho bado kina wanga wa kiwandani, ikichanganyika na mafuta ya cherehani, ndiyo iliyokuwa Krismasi yangu. Ilianza Desemba ikiingia, katika nyumba yetu ya vyumba viwili pale Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Mama mdogo alivuta cherehani karibu na dirisha, akakunjua kitambaa alichonunua Mtaa wa Biashara, na kwa wiki nzima tukalala na kuamka na mlio wa kanyagio. Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, kitambaa kilikuwa cha rangi ya chungwa chenye madoa meupe. Kilikuwa cha wasichana wanne: mabinti zake watatu, Eunice akiwa mkubwa wao, na mimi, mtoto wa marehemu dada yake. Nilikuwa namwita Mama tangu nijue kusema.

Desturi ya mtaani ilikuwa watoto wa nyumba moja wavae kitambaa kimoja, mshono mmoja. Kila asubuhi ya Krismasi tulikuwa tukitoka kwa foleni, na wavulana waliokaa ukutani wakipaza sauti, "Cheki timu ya Mama Eunice imeingia uwanja!" Dada zangu walikuwa wafupi, wenye mashavu ya kujaa, na marinda yaliwapendeza sana, wala sikuwaonea kijicho. Mimi nilikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu. Marinda ya shingoni, mikono iliyofura na sketi ya kukusanya viliniacha kama mwavuli uliofungwa vibaya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ingawa ile haikuwa ya kuazima, umbo ililokatiwa halikuwa langu. Mwaka ule nilishatimiza miaka kumi na mitatu, umri ambao msichana hujitazama hata kwenye kioo cha dirisha la jirani.

Siku ya kupimisha, Mama alinivalisha gauni likiwa halijamalizika. Halikuwa na marinda bado, limebanwa kiunoni kwa pini tu. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati. Mstari ulishuka moja kwa moja kutoka begani hadi gotini, na kwa mara ya kwanza niliona urefu wangu si kosa. Nilipendeza. Nasema hivyo bila haya, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, usiweke marinda," nikamwambia. "Liache hivi hivi."

Akatoa pini mdomoni. "Siwezi."

"Lakini limenikaa."

"Najua limekukaa, nina macho. Je, wale wa mferejini watasemaje? Watasema Mama Eunice amewashonea wake marinda, wa dada yake akamkatia gunia."

Penye wengi pana mengi, na pale mferejini, kwenye bomba la maji la pamoja, maneno yalijaa kabla ya ndoo. Kumbe miaka yote ile kitambaa kimoja na mshono mmoja ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuuambia mtaa kwamba mimi ni wake. Nililitaka gauni lile kwa moyo wangu wote, lakini sikulitaka kwa gharama ya jina lake. Nikamwambia, "Basi yaweke."

Kesho yake alijifunga leso akaenda mjini kwa miguu, akarudi jioni na kipande kingine cha kitambaa kile kile. Sikuelewa. Mama alikuwa akituvika sisi kila Krismasi, kisha yeye akivaa gauni lake la zamani na kulifunika kwa leso. Safari hii alimaliza langu bila rinda hata moja, akalilaza mezani, akaweka kipande kipya juu yake na kujikatia lake kwa mshono ule ule, akiongeza upana nyongani tu. Alipolivaa na kufunga mshipi, nikashangaa. Mabega yake yalikuwa yangu, shingo yake ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile nisiuone mwili wake, kwa sababu ya leso.

Krismasi tulitangulia sisi wawili, dada zangu na marinda yao nyuma. Mama Njeri, muuza sukumawiki ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alisimama mferejini akatutazama juu hadi chini.

"Mama Eunice, huyu msichana ni wewe mtupu. Hata shingo."

"Ulifikiri ni wa nani?" Mama akajibu, na hatukupunguza mwendo.

Nilitembea siku ile kichwa juu, na sijakishusha tangu hapo. Siku hizi binti yangu ana kabati lililojaa nguo za mitumba za soko la Gikomba na za kuagiza kwa simu. Hujaribu tano, kisha hulalamika hana cha kuvaa. Kabati langu nalipunguza kila mwaka, na kinachobaki ni kile kinachoshuka wima na kufungwa mshipi. Wenzangu kazini huniuliza nani alinifundisha kuvaa, nami huwajibu ni mama. Watoto wengi hufanana na mama zao bila mama kufanya lolote. Wangu aliketi kwenye cherehani akajishonea kufanana nami.